Kuvuka Mpaka wa Busia kwa Matembezi: Jinsi ya Kwenda na Kurudi Salama

Kwa mkazi wa Kaunti ya Busia, kuvuka kwenda Uganda ni jambo la kila siku. Wasamia na Wateso wana jamaa pande zote mbili za mpaka. Kuna anayevuka asubuhi kununua ndizi na kurudi kabla ya chakula cha mchana, na kuna anayevuka Jumapili kumjulia hali shangazi yake. Wapo pia wanaovuka kwa matembezi tu: vijana wanaotaka kuona mahali mto Nile unapotoka ziwani pale Jinja, vikundi vya kina mama vinavyokwenda kutembea Mbale, na familia zinazotaka kukaa siku mbili Kampala, umbali wa takriban kilomita 200 kutoka mpakani.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mtu akienda Dubai au London hujiandaa wiki nzima: hukagua hati, huuliza bei ya pesa, huacha nambari ya simu nyumbani. Akienda Busia ya Uganda hufunga mlango na kuondoka. Lakini hatua chache baada ya lango la mpaka, sheria ni nyingine, polisi ni wengine, pesa ni nyingine na hospitali ni nyingine. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mkazi anayevuka kwa matembezi anapaswa kuyajua.

Ofisi moja, kazi mbili

Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni. Kabla ya hapo, msafiri alipanga foleni mara mbili: kwanza kwa maafisa wa Kenya ili atoke, kisha kwa maafisa wa Uganda ili aingie. Sasa maafisa wa nchi zote mbili wanakaa katika jengo moja. Anayetoka Kenya huhudumiwa katika jengo lililo upande wa Uganda, na anayetoka Uganda huhudumiwa katika jengo lililo upande wa Kenya.

Utaratibu huu umeokoa muda mwingi, lakini una jambo moja ambalo huwapotosha wageni. Kwa kuwa msafiri hasimamishwi upande wake, anaweza kupita moja kwa moja hadi mjini akidhani kwamba amemaliza kila kitu, kumbe hajaandikishwa popote. Atakula, atanunua vitu na hata kulala bila kuulizwa neno. Shida huanza anapokaguliwa na polisi kwenye barabara ya kwenda Jinja, au anapotaka kurudi na afisa asione alama yoyote ya kuingia kwake. Machoni pa sheria, mtu huyo ameingia nchini kinyume cha utaratibu, hata kama hakukusudia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kufika dirishani mwa uhamiaji. Ni lazima msafiri aandikishwe na nchi anayotoka na pia nchi anayoingia. Akiwa na shaka, aulize kabla ya kuondoka: "Nimemaliza pande zote mbili?"

Hati zinazohitajika

Tangu mwaka 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo tatu kwa kutumia kitambulisho cha taifa. Kinachotakiwa ni kitambulisho chenyewe. Nakala au picha kwenye simu haitoshi. Msafiri anayetumia kitambulisho aulize dirishani kama anapewa karatasi ya ruhusa, na akipewa aitunze hadi atakaporudi. Mwenye pasipoti hugongewa muhuri.

Urahisi huu hauhusu kila mpaka. Mkazi aliyezoea kuvuka Busia kwa kitambulisho asidhani atavuka hivyo hivyo kwenda Tanzania kupitia Isebania au Namanga. Huko anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, raia wa nchi mwanachama anaweza kutembelea nchi nyingine mwanachama kwa muda wa hadi miezi 6, na ruhusa hiyo hailipiwi. Kwa sababu hiyo, mtu anayemfuata msafiri nje ya jengo na kumwambia atoe "kitu kidogo" ili agongewe muhuri haraka ni wa kuepukwa. Vilevile, ruhusa ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi. Anayepata kibarua akiwa huko anahitaji kibali kingine.

Ni busara kuweka nakala ya kitambulisho mahali tofauti na kitambulisho chenyewe. Kikipotea au kuibwa upande wa Uganda, msafiri aripoti kwenye kituo cha polisi cha huko na kuomba karatasi ya ripoti. Akirudi nyumbani, atapiga ripoti kwa polisi wa Kenya ili apate hati ya kuthibitisha upotevu, ambayo huhitajika anapoomba kitambulisho kingine.

Njia za panya

Kila mtu mjini Busia anajua kwamba kuna vichochoro na vijia vinavyopita nyuma ya maduka hadi upande wa pili. Wengine huvitumia ili kuepuka foleni, na wengine kwa sababu mwendesha boda boda amesema "huku ni karibu". Hasara yake ni kubwa kuliko dakika zinazookolewa.

Kwanza, anayepita huko haandikishwi, na matokeo yake yameelezwa hapo juu. Pili, njia hizo hutumiwa na wafanyabiashara wa magendo, na msako ukitokea, mpita njia na mwenye mzigo hukamatwa pamoja. Tatu, anayeporwa huko huona ugumu kwenda polisi, kwa sababu swali la kwanza atakaloulizwa ni alipita wapi. Wezi wanalijua hilo. Wanamlenga mtu wa njia ya panya kwa kuwa wana hakika hatapiga ripoti.

Kadi mbili za njano

Watu wengi huchanganya kadi mbili ambazo zote huitwa kadi ya njano.

Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Uganda ni miongoni mwa nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na maafisa wa afya wa mpakani wana mamlaka ya kudai cheti hicho. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo kuchanjwa asubuhi ya safari hakusaidii. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni halali kwa maisha yote. Aliyechanjwa mara moja hahitaji kurudia, mradi cheti chake kiwepo.

Ya pili ni bima ya gari, ile kadi ya njano ya COMESA. Bima ya kawaida ya Kenya inayomlinda mtu mwingine barabarani huishia mpakani. Anayevuka kwa gari lake bila kadi hiyo, kisha akagonga mtu au gari la mwingine, atalipa hasara yote kutoka mfukoni mwake. Kadi hiyo huombwa kwa kampuni ya bima kabla ya safari. Dereva abebe pia kitabu cha umiliki wa gari na leseni, na apite kwa maafisa wa forodha ili gari liandikwe kwamba limetoka kwa muda. Asiyekuwa mwenye gari abebe barua ya idhini kutoka kwa mwenyewe.

Afya ya msafiri na ya waliobaki nyumbani

Ukaguzi wa afya mpakani si usumbufu. Julai 2024, mgonjwa wa kwanza wa mpox kutangazwa nchini Kenya aligunduliwa katika kituo cha mpakani huko Taita Taveta, akiwa msafiri aliyetoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya. Uganda nayo ilitangaza milipuko ya Ebola Septemba 2022 na Januari 2025, na yote miwili ilidhibitiwa. Busia iko kwenye barabara kuu ya watu na mizigo kati ya nchi hizi, hivyo kinachotokea ng'ambo kinaweza kufika hapa kwa basi la jioni.

Ebola huenea kwa kugusa damu au majimaji ya mwili ya mgonjwa au ya maiti, na dalili zinaweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza. Mpox huenea hasa kwa kugusana kwa karibu na mgonjwa mwenye vipele. Msafiri anawe mikono mara kwa mara na asimguse mgonjwa bila kinga. Kukiwa na tangazo la mlipuko, asishiriki kuosha maiti mazishini, hata ya jamaa. Akirudi na kupata homa, kutapika au vipele, amweleze mhudumu wa afya mara moja mahali alikokuwa na lini. Kuficha safari ili "nisitengwe" ndiko kunakowaweka hatarini watoto, majirani na wahudumu wenyewe.

Malaria pia haijali mpaka. Anayelala ng'ambo aulize kama nyumba ya wageni ina neti nzima kabla ya kulipia chumba.

"Mia tano ya wapi?"

Swali hili fupi linaweza kuokoa pesa nyingi. Katika mji wa mpakani, shilingi ni mbili. Shilingi 1 ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda, na bei hubadilika kila siku. Mwendesha boda boda akisema "elfu mbili", anaweza kuwa anamaanisha elfu mbili ya Uganda, ambayo ni chini ya shilingi mia moja za Kenya. Abiria asiyeuliza anaweza kutoa noti mbili za elfu moja za Kenya kwa safari ya dakika tano. Bei ikubaliwe kabla ya kupanda, na itajwe kwa jina la nchi.

Kwenye ubadilishaji wa pesa, ulaghai unaojulikana ni wa aina chache tu:

- Noti hukunjwa katikati ili moja ihesabiwe mara mbili.
- Kikokotoo huonyesha jumla ambayo si sahihi, na mteja huharakishwa asirudie hesabu.
- Noti ya Uganda ya 5,000 huchanganywa katikati ya za 50,000, kwa kuwa mgeni huchanganyikiwa na sufuri nyingi.
- Anayebadilisha pesa ili arudi Kenya hupewa noti za zamani za shilingi 1,000, ambazo zilikoma kuwa pesa halali baada ya tarehe 30 Septemba 2019.

Njia salama ni benki au duka la fedha za kigeni lenye leseni, ambalo hutoa risiti. Msafiri apige hesabu kwa simu yake mwenyewe kabla ya kufika. Kwa mfano, bei ikiwa shilingi 28 za Uganda kwa shilingi 1 ya Kenya, shilingi 2,000 za Kenya ni 56,000. Akipewa pesa, azihesabu palepale, noti moja moja, kabla ya kutoa zake. Anayeahidi bei nzuri kuliko wote sokoni ana sababu yake.

Ni vyema kubadilisha kiasi kidogo kwa wakati mmoja, na kutoonyesha bunda zima la pesa hadharani. Mtu akipiga simu akidai kwamba ametuma pesa kimakosa, msafiri asirudishe chochote kabla ya kukagua salio lake mwenyewe, na asimpe mtu yeyote nambari yake ya siri.

Barabarani

Inaelezwa kwamba neno "boda boda" lilizaliwa hapa mpakani, wakati baiskeli zilipobeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Leo baiskeli zimeachia nafasi pikipiki, na msongamano umeongezwa na malori ya kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Anayepanda pikipiki aombe kofia ya kujikinga, asikubali kubebwa wawili au watatu, na asipite katikati ya malori mawili yaliyowashwa injini. Dereva wa lori refu haoni kilicho karibu na magurudumu yake.

Malori ya mafuta yanahitaji tahadhari ya pekee. Julai 2021, lori la mafuta lilipata ajali Malanga, Kaunti ya Siaya, kwenye barabara ya Kisumu kuja Busia. Zaidi ya watu 10 walikufa kwa moto, wakiwemo waliokuwa wamekimbilia kuchota petroli. Lori la mafuta likianguka, upande wowote wa mpaka, hatua pekee iliyo salama ni kukimbia mbali nalo na kuwazuia wengine wasilisogelee.

Anayekwenda mbali apange safari ili afike mchana. Apande gari kwenye stendi inayojulikana, wala si gari dogo linaloita abiria kando ya lango. Asikubali chakula au kinywaji kutoka kwa abiria asiyemjua.

Mizigo

Mzigo ambao msafiri hakuufunga mwenyewe si wake, na asivuke nao. Ombi huwa la heshima: "Mama, nishikie hii, nitakukuta upande ule." Ndani kunaweza kuwa na bangi, dawa zisizoruhusiwa au bidhaa ya magendo, na anayekutwa nao ndiye anayejibu mashtaka. Kukataa si utovu wa adabu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Adhabu yake ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Anayenunua vitu ng'ambo na kufungiwa katika mfuko wa aina hiyo avihamishie katika kikapu au kiondo kabla ya kuvuka.

Anayerudi na bidhaa za kuuza apite kwa maafisa wa forodha. Upo utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa na haziozwi ushuru wa forodha. Masharti mengine, kama ukaguzi wa mimea na vyakula, hubaki palepale. Wengi hupita njia za panya wakikimbia ushuru ambao hata hawakudaiwa.

Watoto, na ahadi za kazi

Mtoto anayevuka awe na cheti cha kuzaliwa. Akiwa na mtu asiyekuwa mzazi wake, kuwe na barua ya idhini ya mzazi yenye nambari ya simu. Maafisa wana haki ya kuuliza maswali, na mzazi mwema hafai kukasirika. Mpaka huu hupitishwa pia watoto na wasichana walioahidiwa kazi ya nyumbani au shule, kisha wakajikuta wanafanyishwa kazi bila malipo au kudhulumiwa.

Dalili zinajulikana: mwenye kuajiri hataki kuonana na wazazi, anataka kushika kitambulisho cha anayesafiri, anagharamia kila kitu na anataka safari iwe ya haraka na ya siri. Sheria ya Kenya ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010 inatoa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Anayemshuku mtu amweleze afisa yeyote wa mpakani, au apige simu 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto ambayo hutumika Kenya na Uganda.

Shida ikitokea

Nambari za dharura za polisi ni 999 na 112, na hutumika katika nchi zote mbili. Karibu na mpaka, hata hivyo, simu huweza kushika mtandao wa nchi jirani bila mwenyewe kujua. Simu hiyo hupokelewa na nchi yenye mtandao ulioshika. Kwa hiyo anayepiga aseme kwanza yuko upande gani, kisha ataje alama iliyo karibu: soko, kituo cha mafuta, kanisa au msikiti. Ni vyema pia kuzima data kabla ya kuvuka, kwa sababu intaneti ya mtandao wa ng'ambo inaweza kumaliza salio.

Polisi wa Kenya hawana mamlaka ya kumkamata mwizi akiwa Uganda. Wizi uliotokea ng'ambo uripotiwe ng'ambo, siku hiyo hiyo. Mkenya akikamatwa huko, ana haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake ujulishwe. Haki hiyo imo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli. Ubalozi wa Kenya uko Kampala. Hautamtoa mtu kizuizini, lakini unaweza kufuatilia kesi na kuwajulisha jamaa. Aliyekamatwa abaki mtulivu, asitoe hongo na asitie sahihi karatasi asiyoielewa.

Kabla ya kufunga mlango

Maandalizi yote yanachukua muda mfupi. Msafiri ahakikishe kwamba:

1. Ana kitambulisho au pasipoti yenyewe, na nakala mahali pengine.
2. Ana cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na cha kuzaliwa kwa kila mtoto.
3. Gari, kama lipo, lina kadi ya njano ya bima na karatasi zake.
4. Anajua bei ya siku hiyo ya kubadilisha pesa.
5. Amemwambia mtu nyumbani anakwenda wapi, atalala wapi na atarudi lini.
6. Ameandika nambari mbili za jamaa kwenye karatasi, kwa sababu simu ikiibwa, nambari zote huenda nayo.

Jambo la tano ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa kuwa safari yenyewe huonekana fupi. Lakini mtu asiyejulikana kwamba amevuka hatafutwi upande wa pili. Jamaa watauliza hospitali za hapa na vituo vya polisi vya hapa, na siku zitapita. Neno moja kwa mke, mume, mzazi au jirani kabla ya kuondoka linatosha kuwaonyesha pa kuanzia.